Senga, yaani shangazi yangu, anasema nilimlilia mwanamuziki Radio kuliko baba yangu. Nilikosea?

Mama Saluni Busia ameuliza:

Habari zenu wote humu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjacheka, najua kuna watu humu kazi yao ni kucheka tu.

Mimi niko Busia, upande wetu huu wa Uganda, nina saluni ndogo karibu na pale malori yanapopanga foleni. Baba yangu alifariki Novemba 2017. Mimi ndio mtoto wa kwanza, na nyinyi mnajua mtoto wa kwanza kwenye kilio anakua nani. Ndio wa kutafuta hema, ndio wa kukimbizana na mtu wa viti, ng'ombe anachinjiwa wapi, sufuria za jirani zimerudi ama hazijarudi, wanaolala nje kwenye moto wamekunywa chai ama bado. Siku ya kuzika jeneza linashushwa mimi niko nyuma ya nyumba na mjomba tunahesabu mchango, daftari iko mkononi. Sikulia. Sio eti nilijikaza, hapana, machozi hayakuja tu, nilikua kama mtu yuko kazini. Wengine wakasema huyu msichana ana roho ngumu, wengine wakasema ni vizuri awe nguvu ya mama yake.

Sasa tarehe 1 Februari 2018, ilikua Alhamisi asubuhi, niko saluni namsuka mteja rasta zile ndogo ndogo. Msichana wangu wa kuosha nywele akaingia mbio kutoka nje, anasema "Radio amekufa!" Mteja akamjibu bila hata kugeuka, "Haijakufa, si hiyo inaongea?" Maana redio yangu iko pale juu ya kabati na ilikua inaongea kweli. Tukacheka sote watatu. Walahi tulicheka. Halafu mtangazaji akakata wimbo katikati, akasema Mowzey Radio amefariki asubuhi hii Kampala.

Kitana kilinianguka. Nililia jamani, nililia mpaka nikakaa chini kwenye nywele za watu, kamasi, kila kitu. Mteja nilikua nimemaliza upande wa kulia peke yake, wa kushoto umesimama hivi. Akangoja saa nzima, akaona sinyanyuki, akajifunga leso akaenda. Akarudi jioni nikamaliza na akasema nimpunguzie elfu tano kwa sababu ametembea sokoni kama mwendawazimu. Nikampunguzia.

Habari ikafika kwa senga, dada ya baba. Akasema maneno haya haya: "Kaka yangu hukumlilia, umeenda kumlilia mwanamuziki wa Kampala." Miaka saba sasa, kila tukikutana lazima ayarudie. Krismasi iliyopita ameyasema mbele ya wakwe zangu. Na jana tarehe 1 niliweka picha ya Radio kwenye status kama kila mwaka, akanijibu hapo hapo: "Ya baba yako uliweka lini?"

Kwa hiyo nauliza. Kumlilia mtu ambaye hajui hata jina lako ni kosa? Na senga nimjibu nini, maana senga ni senga, huwezi kumjibu kama mtu wa barabarani.

Kijana wa Steji Ndeeba:

Dada pole sana. Mimi huyo Radio nilimzika, yaani nilienda mpaka Kaga kwenye maziko yenyewe, ile Jumamosi tarehe 3. Kwa hiyo usijione uko peke yako.

Ngoja nieleze maana watu waliona picha tu. Tulitoka steji piki nane, wengine wamebeba watu wawili wawili, tukapita Kajjansi tukashika ya Nakawuka. Kiangazi cha Februari unakijua, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mbele huko piki haziendi tena watu wamejaa, tukaziacha kwa mama mmoja anauza mandazi tukatembea kwa miguu. Kufika pale sasa ndio nikaona kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Msiba wa kwetu una njia yake, ukifika unajua unaenda wapi, unawasalimia wenye msiba, unawapa pole wanakuitikia, unatoa mabugo yako, ile pesa ya rambirambi, wanaandika jina, unatafuta pa kukaa. Unakua mtu kati ya watu. Mimi nilikua na elfu tano ya mabugo nimeikunja vizuri mfukoni tangu asubuhi na sikuona wa kumpa. Kwenye hema ya familia huwezi kusogea, ya wasanii ndio usiseme, na sisi tuko kwenye migomba. Nimpe nani pole? Na mimi nani atanipa? Jamaa mmoja simjui alikua amepanda juu ya mti wa fenesi, kila akiona kitu anatutangazia huku chini kama mpira wa redioni, sasa wamefika hapa, sasa wanashusha, na sisi tunalia kwa kumsikiliza yeye.

Kurudi nilikua na njaa mbaya, nikanunua roleksi mbili, zile chapati za kukunja na mayai, kwa ile ile elfu tano. Nilikula mabugo ya Radio. Nasema hapa kwa sababu hamnijui.

Sisi mashabiki hatuna mkeka wa kukalia kwenye msiba, ndio shida yetu. Wewe ulikaa chini kwenye nywele za saluni, mimi kwenye migomba ya watu. Senga wako amekosea kwa hilo, ila usimwambie nimesema mimi.

Msema Kweli 256:

Nitasema ukweli mkasirike. Mtu alienda baa Entebbe, kukatokea ugomvi, akaumia, baada ya siku kumi akafa. Inauma kwa mama yake na watoto wake. Wewe wa Busia inakuhusu wapi? Kesi ilisikilizwa, 2019 mtu akapewa miaka 14, imeisha.

Kwetu Waislamu matanga ni siku tatu. Mjane peke yake ndiye anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Sasa wewe dada miaka saba unaweka picha, hiyo ni eda ya nani? Mume wako yupo?

Na hii tabia iko nchi nzima. Msanii akifa watu wanajaza barabara, piki nane kutoka steji moja, lakini jirani yako akilazwa hospitali wiki mbili hakuna hata wa kumpelekea uji. Senga amesema kweli ila amesema vibaya.

Mama Saluni Busia:

Msema Kweli nimekusoma na hilo la uji sikatai. Mume yupo na yeye ndiye alinunua ile kanda ya Goodlyfe, kundi la Radio na Weasel, nyumbani, mwambie yeye kwanza hahaha. Lakini wewe hujawahi kulia kwa mtu asiyekuhusu kweli? Hata mchezaji wa mpira?

Msema Kweli 256:

Arsenal hawajafa dada, wanatuua sisi.

Mzee wa Bombo:

Assalamu alaikum, na habari za Jumapili kwa wengine. Mjukuu ndiye alinifundisha kuandika humu, nikikosea herufi mnisamehe.

Msema Kweli mwanangu, siku tatu ni kweli na eda ni kweli, lakini dini usiikate katikati. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, watu wakashangaa, akawaambia jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe na kurarua nguo. Huyu binti hajararua nguo ya mtu, ameangusha kitana tu.

Sasa nataka niwaambie habari ya Philly Lutaaya, maana nyinyi vijana mnamjua kwa Krismasi peke yake. Novemba ikielekea mwisho kila duka na kila taksi ni yeye, mpaka mimi Mwislamu wa Bombo nyimbo zake za Krismasi nazijua zote kwa kichwa, wajukuu wananicheka. Lakini mwaka 1989 huyu mtu alikuja kutoka Sweden, alikokuwa anaishi, akasimama mbele ya watu akasema mimi nina ukimwi. Hakuna mtu mwenye jina kubwa katika nchi hii aliyekuwa ameshasema neno hilo juu ya nafsi yake. Wakamtukana. Wakasema mzima huyu, si mnamwona alivyonona, anatafuta pesa, anataka kuuza kanda. Yeye akazunguka mashuleni na makanisani, na kila tukimwona amepungua. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule akafa, siku kumi kabla ya Krismasi.

Lazima mjue ilikuwaje miaka ile. Sisi tulikuwa tumerudi Bombo baada ya vita, nyumba nyingine bado hazina bati. Kaka yangu alikuwa jeshini. Mwaka 1986 walipelekwa maafisa 60 Cuba kwa mafunzo, Wacuba wakawapima, 18 wakakutwa nayo, na Castro mwenyewe ndiye aliyemwambia Museveni. Kwa hiyo juu huko walijua. Sisi majumbani tulifunga mdomo. Kaka alikonda akawa kama mti wa ufagio, akafa Machi 1988, na kwenye matanga ikasemwa ni tumbo. Wengine wakasema amerogwa. Mama yangu alikuwa anafua mashuka yake usiku na kuyaanika ndani, ili majirani wasione. Basi tukamzika hivyo, na tumbo lake.

Lutaaya alipokufa redio ilitaja ugonjwa kwa jina lake. Mama yangu alikuwa uani anapepeta mchele. Luganda alikuwa anaijua ya sokoni tu, na muziki hakuwa mtu wake kabisa. Aliweka ungo chini akalia. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa, akawaambia Lutaaya. Nilidhani watamcheka. Wakakaa. Walikuwa wanawake watatu, mmoja akaenda akawasha moto akapika chai katika jiko letu bila kuuliza sukari iko wapi. Kwa kaka yangu walikuja pia, lakini walikaa karibu na mlango na vikombe hawakugusa. Siku hii walikunywa chai mpaka magharibi ikaingia. Miaka imepita ndipo nikahesabu nikaona kila mmoja wa wale watatu alikuwa na mtu wake aliyekufa na tumbo.

Binti, nikuulize jambo moja na usiudhike. Huyo baba yako alikuwa anamjua Radio?

Binti wa Bukwo:

Mzee umeniliza asubuhi na niko darasani nasimamia mtihani.

Mimi natoka Bukwo, nadhani hapo mmeshajua nataka kusema nani. Yule mkimbiaji wetu Rebecca Cheptegei nilimwona kwa macho kama mara nne hivi, na zote nilimwona mgongo, maana nikiwa njiani naenda shule yeye anakuja kwa nyuma ananipita, unasikia viatu tu, pa pa pa, ameshaenda. Hatukuwahi kuongea. Alikua askari wa UPDF, jeshi letu la Uganda, alileta dhahabu ya mbio za milimani kutoka Chiang Mai 2022, na tarehe 11 Agosti 2024 tulikaa kwenye tivii ya duka tukamwangalia Paris kwenye marathoni ya Olimpiki, akamaliza wa 44, sisi tukashangilia kama amekua wa kwanza. Wiki tatu baadaye, Jumapili tarehe 1 Septemba, yule mwanaume aliyekua mpenzi wake akammwagia petroli akamchoma kule Trans Nzoia, Kenya. Akafa tarehe 5 Eldoret. Miaka 33.

Msema Kweli, wewe unasema "mtu alienda baa". Unajua huku tulisikia nini? "Kwani alikua anatafuta nini na huyo mwanaume." "Mambo ya shamba hayo, na nyumba." Mtu akifa vibaya hakosi wa kusema alijitakia, na ukimlilia wanakuambia inakuhusu nini. Radio alikosea kuingia baa? Kila mtu humu ameingia baa, hata mimi mwalimu.

Mimi machozi sikupata, nilipata hasira. Nilienda kwenye maziko tarehe 14, wanajeshi wakampa heshima zake, watu wa kila namna, nikarudi na hasira yangu ile ile. Na mtu aliyemchoma naye alikufa kwa moto wake huo huo tarehe 9, kwa hiyo kesi hakuna, huwezi hata kukaa mahakamani umwangalie usoni. Paris wakasema wataweka jina lake kwenye kiwanja chao cha michezo. Nilifurahi, lakini kiwanja kiko Paris.

Wasichana wa shule yangu wanafanya mazoezi saa kumi na moja na nusu asubuhi, bado giza. Tangu ule mwezi kuna mama mmoja anakodi boda inawafuata nyuma polepole imewasha taa mpaka watakaporudi. Yeye mwenyewe amekaa nyuma kwenye piki amejifunika shuka. Hajui kukimbia hata kidogo. Nikimwona yule mama ndio naskia kulia.

Mama Saluni Busia:

Mwalimu pole, hiyo ya Cheptegei hata hapa mpakani ilituuma sana, wateja hawakuongea kitu kingine wiki nzima.

Mzee shikamoo. Umeniuliza kitu ambacho sikutaka kuandika kwa sababu ni cha kuchekesha na watu watasema natunga.

Baba yangu alikua katekista. Mtu wa suruali ya kupigwa pasi, rosari mfukoni, redio kwake ni habari na matangazo ya vifo basi. Sasa kuna siku kwenye simu yake walimpelekea ile meseji ya kola tyuni, ule wimbo unaousikia ukimpigia mtu kabla hajashika, yeye akabonyeza akidhani anaifuta. Akawekewa Nakudata ya Radio na Weasel. Na mnajua mwenye simu hausikii, wanausikia wanaompigia. Kwa hiyo miezi kama mitatu katekista hajui kitu, na kila anayempigia, wanakwaya, watu wa jumuiya, anaimbiwa nakudata. Na huku sisi ni watu wa Kiswahili, kudata kila mtu anakujua maana yake. Mpaka padre akampigia kumuuliza mambo ya ubatizo. Padre hakusema kitu siku ile, alimsubiri Jumapili baada ya misa akamwambia, "Katekista, na wewe umedata?"

Baba alikuja nyumbani amekasirika anasema watu wanamsingizia. Akachukua simu ya mama akajipigia mwenyewe. Namkumbuka amesimama pale mlangoni, simu ya mama sikioni, yake inalia mezani, anasikiliza. Akasikiliza mpaka ikakatika. Akajipigia tena. Sisi tumeshika tumbo kwa kucheka. Halafu akasema, "Huyu kijana anaimba vizuri, muacheni." Haikutoka tena mpaka amekufa. Akawa ananiuliza huyo Radio ni mtoto wa nani, amesoma wapi, mbona hana mke wa ndoa, anamwombea hata.

Alipokufa simu ilibaki kwa mama, kwenye kabati la chumbani, na mama alikua anaichaji. Mimi usiku nikifunga saluni nikawa naipigia. Najua hakuna wa kushika. Nasikiliza ile sauti mpaka inakatika, naipigia tena, nalala. Desemba yote, Januari yote, na bado sikua nalia.

Kwa hiyo ile asubuhi mtangazaji aliposema amefariki, kitu kilichonijia kichwani kwanza ni, sasa nikimpigia baba nani ataimba. Ni ujinga najua, wimbo ulikua bado uko. Nilipiga usiku ule nikaukuta. Mtu amekufa anaimba kwenye simu ya mtu amekufa. Nikalia mara ya pili.

Msema Kweli 256:

Sasa hapo nimeelewa. Dada ungeanza na hiyo. Kumbe ulikua unamlilia baba yako, sio Radio. Mwambie senga hivyo hivyo, kesi imekwisha, na mimi naomba radhi kwa ile ya eda.

Kijana wa Steji Ndeeba:

Hapana hapana hapana. Msema Kweli radhi yako nzuri lakini usimnyang'anye Radio machozi yake.

Kila mtu humu sasa atasema aa kumbe ni baba, vizuri, sasa tunaruhusu. Kwani Radio mwenyewe hatoshi kuliliwa? Yule kijana aliimba bwana. Aliandikia na wengine, kuna nyimbo unacheza unamsifu msanii mwingine kumbe maneno ni ya Radio. Mimi nilianza boda 2009, usiku wa kwanza kubeba abiria Entebbe Road naogopa malori mpaka mikono inatetemeka, nilikua naimba Nakudata ndani ya helmeti ili nisisikie magari. Mimi baba yangu yuko hai Masaka ana ng'ombe wawili, simlilii mtu mwingine kwa mlango wa nyuma. Nilimlilia Radio kwa sababu alikua Radio na amekufa kijana kwa ugomvi wa upuuzi, na sauti kama ile haijarudi.

Hata mzee, samahani mzee nakuheshimu, mama yako labda alimlilia kaka yako, lakini labda na Lutaaya mwenyewe pia. Alikua peke yake kusema.

Mzee wa Bombo:

Usiombe samahani, kijana. Nimelisoma hilo mara mbili. Mama alikuwa na kanda moja tu maishani mwake, na aliinunua baada ya ile siku, na redio ya kuichezea hatukuwa nayo. Aliiweka pamoja na vyombo vya kahawa. Sikuwahi kujiuliza.

Mama Saluni Busia:

Nimerudi, jana sikulala kwa ajili yenu.

Nilimpigia mama jioni. Nikamwambia wazi, mama, wakati ule baba amekufa mimi nilikua napiga simu yake usiku. Akasema najua. Nikamuuliza unajuaje, akasema si jina lako lilikua linatokea, ilikua inalia kwenye kabati na mimi nimelala hapo hapo. Nikamuuliza mbona hukushika. Akasema, "Hukua unanipigia mimi."

Halafu akaniambia kitu sikua nakijua. Alikua anaiwekea kredo ile laini ya baba kila wiki, elfu moja, ili wasiifunge. Na kredo inapotea. Anaweka Jumatatu, Ijumaa haipo, na hakuna aliyepiga. Akawa anagombana na kijana wa kibanda kwamba anamuibia, wamekosana miezi sita mpaka salamu hawapeani, mpaka simu yenyewe ikavimba betri ikafa. Nikamwambia mama yule kijana hakuiba, ni kola tyuni ilikua inakula kila wiki.

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Kumbe Radio nilikua namlipa mimi." Na akacheka, akacheka vibaya, halafu nikaskia sio kucheka tena, na mimi huku niko hivyo hivyo.

Leo asubuhi ameniambia amekwenda kwa yule kijana wa kibanda kumuomba msamaha, amembebea ndizi.

Senga sijampigia bado. Mume anasema nimwache, mama anasema atamwambia yeye. Tutaona. Kuna mteja ameingia, anataka rasta, kichwa kizima.